Shajara ya kitomeo kimoja: tupi-, kitenzi cha Kiluwi

4 Februari

Nimefika kidahizo (neno la kufasiliwa) cha 31 kati ya 60. Kwenye jedwali la mradi nilikipangia nusu siku. Siku nzima imekwisha na sina hata fasili moja ninayoweza kuitetea.

Kwa anayeanza kufuata shajara hii leo: ninatayarisha faharasa ndogo ya vitenzi vya Kiluwi kwa Kiswahili, moja kwa moja, bila kupitia fasili za Kiingereza wala Kijerumani. Kiluwi kilisemwa Anatolia, nchi ambayo leo ni Uturuki, na upande wa kaskazini wa Syria. Ni ndugu wa Kihiti. Kiliandikwa kwa njia mbili: kwa mwandiko wa kabari kwenye mabamba ya udongo ya Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, na kwa hieroglifu, yaani alama za picha, za huko huko, ambazo hazina nasaba na zile za Misri. Dola ya Wahiti ilipoanguka, hieroglifu hazikufa nayo. Wafalme wadogo wa Karkemishi, Malatya, Maraş na kwingineko waliendelea kuzichonga kwenye mawe hadi kiasi cha mwaka 700 KK.

Kitenzi kilichonikwamisha ni tupi-. Kimo katika laana iliyochongwa kwenye lango la ngome ya Karatepe, na maneno yanayonihusu ni haya:

á-ma-za á-lá/í-ma-za a-ta tu-pi-wa/i

Yasomwe (mkwaju unaonyesha ishara inayosomeka kwa irabu mbili): amanza alamanza anta tupiwi. Amanza ni "langu", alamanza ni "jina", anta ni "ndani". Tupiwi ina kiambishi tamati -wi, alama ya nafsi ya kwanza umoja wakati uliopo, ambao hutumika pia kwa jambo litakalokuja. "Jina langu nita-nini ndani?"

5 Februari

Kabla ya maana, mwandiko. Mtu asiyezizoea hieroglifu hizi atauliza, kwa haki kabisa, n ya anta imetoka wapi wakati jiwe linasema a-ta. Mwandiko huu hauandiki nazali (sauti ya puani, kama n) iliyotangulia konsonanti nyingine. Msomaji anairudisha mwenyewe kwa kuijua lugha. Jambo hili lisimshangaze Mswahili. Miswada ya zamani ya tenzi zetu kwa herufi za Kiarabu ina b palipo na mb na d palipo na nd, na waliokuwa wakizighani walijua la kutamka. Mwanafunzi wa miswada ya Lamu ana mazoezi tayari ya kusoma Kiluwi, ingawa hajui.

Neno alamanza nalo lina historia. Kwa miaka mingi lilisomwa atimanza. Mwaka 2010 Elisabeth Rieken na Ilya Yakubovich walionyesha kwamba ishara mbili zilizokuwa zikisomwa kama aina za ta zilikuwa na sauti ya l, na papo hapo jina la Kiluwi likakaa karibu na lāman, "jina" kwa Kihiti. Kabla yao, mwaka 1973 na 1974, Hawkins, Morpurgo Davies na Neumann walikuwa wamebadilisha usomaji wa ishara nne zinazojitokeza karibu kila mstari. Nayasema haya kwa sababu kila ninapotumia kamusi ya zamani lazima niulize iliandikwa kabla ya masahihisho yapi. Tu na pi hazikuguswa na masahihisho hayo, kwa hiyo umbo la kitenzi changu liko imara.

Nimeitazama ishara ya pi kwa muda mrefu kwenye picha. Ni mkono unaotoa kitu. "Kutoa, kupa" kwa Kiluwi ni piya-, na mkono huo hutumika ama kwa neno zima "kutoa" ama kwa silabi pi peke yake. Hapa ni silabi tu. Naliandika hili kwa wino mzito kwenye daftari langu: mkono unaotoa hauniambii lolote juu ya maana ya tupi-.

6 Februari

Leo nimeacha kamusi na kurudi kwenye jiwe.

Karatepe ni ngome juu ya mto Ceyhan, katika mkoa wa Osmaniye, kusini mwa Uturuki. Mwaka 1946 wanaakiolojia Helmuth Bossert na Halet Çambel walifika huko baada ya kusikia habari za jiwe la simba. Walikuta malango mawili, kaskazini na kusini, yaliyopangwa mawe ya basalti yenye picha na maandishi. Maandishi yenyewe ni ya lugha mbili yakieleza habari moja: Kifoinike, lugha ya Wafoinike wa pwani ya Lebanoni ya leo, mara tatu, mojawapo juu ya sanamu, na Kiluwi mara mbili. Hadi siku hiyo wataalamu walikuwa wakizikisia hieroglifu kwa kufuata majina ya wafalme na miji. Karatepe iliwapa mizani ya kupimia makisio yao, kwa sababu Kifoinike kilikuwa kikisomeka.

Çambel aliitumikia Karatepe kwa zaidi ya nusu karne. Alihakikisha mawe yanabaki pale pale yalipochongwa, na chapisho lake kubwa la picha lilitoka mwaka 1999. Kila ninachokisoma hapa ninakisoma kwa sababu ya uvumilivu wa mwanamke huyo.

Aliyechongesha ni Azatiwada, wa karne ya 8 KK. Anaeleza kwamba Awariku, mfalme wa Adanawa, ndiye aliyemkuza. Anasema alijaza maghala, akaongeza farasi juu ya farasi na jeshi juu ya jeshi. Kuna sentensi moja ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa kazi: mahali ambapo zamani mwanamume aliogopa kupita, katika siku zake wanawake walitembea njiani na vijiti vyao vya kusokotea uzi. Hata bila Kifoinike, mwandishi wa Kiluwi amemsaidia msomaji: mbele ya neno lililotajwa kwa silabi ameweka picha ya kijiti cha kusokotea, isiyotamkwa, ya kukuonyesha tu kwamba kinachofuata ni kitu cha aina hii. Tupi- yangu ingekuwa na picha kama hiyo mbele yake, ningekuwa nimelala mapema jana.

7 Februari

Laana yenyewe. Kwa Kifoinike, kwa tafsiri yangu: mfalme kati ya wafalme, au mkuu kati ya wakuu, au mtu mwenye jina, atakayelifuta jina la Azatiwada katika lango hili na kuweka jina, hata akiutamani mji huu, akaling'oa lango hili na kutengeneza jingine na kuweka jina juu yake, aling'oe kwa kulipenda au kwa chuki na ubaya, basi miungu na imfute.

Maneno ya Kifoinike ni wšt šm, "na akaweka jina". Kwa hiyo asubuhi niliandika kwenye kadi: tupi-, kt. (kitenzi), weka. Nikafurahi kwa muda wa saa moja.

Kisha nikaweka matini mbili ubavu kwa ubavu, sentensi kwa sentensi, na furaha ikaisha. Kifoinike kinasimulia kwa nafsi ya tatu: atakayefuta, akaweka. Kiluwi kinamfungua mharibifu kinywa. Mtu yule anasema mwenyewe: nitalifuta jina la Azatiwada, jina langu nita-tupi- ndani. Hiyo si tafsiri ya neno kwa neno. Ni waandishi wawili waliopewa habari moja, kila mmoja akaisema kama watu wake wanavyosema. Ikiwa nafsi imebadilika, na usemi wa moja kwa moja umeingia upande mmoja tu, sina haki ya kudai kwamba kitenzi hakikubadilika. Kifoinike kinanihakikishia tukio: jina jipya linafika mahali pa jina la zamani. Linafikaje, hakinihakikishii.

Kadi nimeichana.

10 Februari

Kosa la leo ni langu peke yangu, na naliweka hapa kwa sababu mwanafunzi mwingine atalifanya.

Kihiti kina neno tuppi, "bamba la udongo lenye maandishi". Limetoka Kiakadi, lugha ya kale ya Mesopotamia, ṭuppu, na Kiakadi kililipata kwa Wasumeri, dub. Ni neno lililosafiri sana. Wanaisimu wengi hulifuatilia kupitia Kielami na Kiajemi cha kale hadi dīwān, na kutoka huko tukapata diwani yetu, ile ya mshairi. Basi nikajiambia: tuppi ni bamba la maandishi, tupi- ni kuliingiza jina ndani, tupi- maana yake "kuandika". Nikaandika aya mbili nzuri juu ya safari ya neno kutoka Sumeri hadi Pemba, nikamtumia mwenzangu wa Mombasa anayepitia vitomeo vyangu vyote.

Jibu lake lilifika usiku: "Kaka, hesabu p zako."

11 Februari

Nimezihesabu.

Katika mwandiko wa kabari, konsonanti iliyo kati ya irabu mbili huandikwa moja au mbili, na waandishi hawakufanya hivyo ovyo. Edgar Sturtevant ndiye aliyeonyesha kwamba kuandika mbili na kuandika moja kunatenga sauti mbili tofauti: moja nzito, nyingine laini. Tuppi ina p mbili. Kitenzi chetu, kinapotokea kwenye matini za Kiluwi cha kabari, kimeandikwa dūpi-, p moja. Hieroglifu haziwezi kuonyesha tofauti hiyo kwa sababu zina ishara moja tu ya pi kwa zote mbili. Mimi nilikuwa nikitazama hieroglifu peke yake, na kwenye hieroglifu maneno hayo mawili yanafanana kama pacha.

Shahidi wa tatu ni lugha ya Likia, nchi ya kusini-magharibi mwa Anatolia, binamu wa Kiluwi, iliyoandikwa kwa alfabeti yenye p na b mbalimbali. Huko kitenzi ni tubi-, kwa b. Sauti laini tena. Kamba kati ya tupi- na tuppi imekatika.

Tena hizo lugha mbili zinasema maana yake waziwazi. Dūpi- ya kabari ni kupiga. Kwa Walikia, kitenzi kiko kwenye laana za makaburi yao ya miambani: Trqqas, ambaye ndiye mungu wa dhoruba Tarhunza kwa jina la huko, atampiga anayeharibu kaburi. Hakuna bamba wala maandishi hapo. Ni pigo tu.

Dokezo la uandishi, kwa sababu limenila nusu saa. Kanuni yetu ya kutaja lugha kwa ki- inazaa Kilikia, na Kilikia tayari ni jina la jimbo. Tarso ya Paulo iko Kilikia, na Karatepe pia iko Kilikia. Matendo 27:5 inazitaja Kilikia na Likia katika mstari mmoja. Nimeamua kwamba faharasa nzima itasema "lugha ya Likia", hata kama sentensi inarefuka. Msomaji akidhani laana ya kaburi ilitoka jimbo la Karatepe, hoja yote imeharibika, kwani nguvu yake ni kwamba mashahidi wanatoka mbali mbali.

13 Februari

Kwa hiyo: "jina langu nitalipiga ndani."

Nilipoiandika hivyo, nilisikia Kiswahili kikiitika mara moja. Sisi tunapiga chapa. Tunapiga mhuri. Tunapiga mstari chini ya neno, na mstari ule haupigwi na mtu kwa ngumi. Mzungumzaji wa Kiswahili haoni ajabu kitenzi cha pigo kikifanya kazi ya kuacha alama. Nadhani hii ndiyo mara ya kwanza katika mradi huu Kiswahili kunipa njia iliyo nyofu kuliko fasili za vitabu ninavyovitumia.

Lakini juzi tu nimeungua kwa kufuata mfanano. Kwamba piga yetu inafanya hivi si ushahidi kwamba tupi- yao ilifanya hivyo. Inanionyesha tu kwamba njia hiyo ya maana inapitika. Ushahidi ni p moja, b ya Likia, laana za makaburi, na basalti.

Mwenzangu ameleta swali gumu zaidi, na nalinukuu kwa ruhusa yake: "Piga ya 'piga simu' imeshapoteza pigo lake, kaka. Utajuaje tupi- haijapoteza lake? Huenda Kifoinike kiko sawa, na maana ni 'kuweka' tu."

Swali zuri sana. Nimekaa nalo.

15 Februari

Asubuhi nimekwenda kwa fundi anayetengeneza mawe ya makaburi. Nilitaka kusikia neno analolitumia mtu mwenye jiwe mbele yake.

Nilimkuta ameinama juu ya bamba jeupe. Jina lilikuwa tayari limeandikwa kwa penseli, herufi zote, na nusu ya herufi ya kwanza ilikuwa imezama. Mkono wa kushoto tindo, wa kulia nyundo ndogo. Hapigi kwa nguvu. Ni vipigo vidogo vya haraka, vitatu au vinne, kisha anainua tindo na kupuliza vumbi.

"Shikamoo, Mzee. Kazi hii mnaiitaje? Mnachonga jina, mnachora, au mnakata?"

"Marahaba, mwanangu." Hakuinua kichwa. "Kuchora ni penseli. Jina linachorwa asubuhi, mchana linagongwa."

Nikamwuliza kama wanasema kuchonga.

"Jiwe ndilo linachongwa. Likishachongwa likanyooka, jina linagongwa." Kisha akaniuliza: "Unataka la kuzama au la kuinuka?"

Alidhani nimekuja kuagiza. Nikamweleza habari za Azatiwada kwa ufupi, na yeye akaacha nyundo akasikiliza. La kuzama ni lile la kuchimba herufi ndani ya jiwe. La kuinuka ni kutoa jiwe lote linalozunguka herufi, herufi zikabaki juu. Hieroglifu za Kiluwi zipo za namna zote mbili. Nilimwuliza kama neno linabadilika. Akasema halibadiliki: la kuzama linagongwa, la kuinuka linagongwa, ila la kuinuka ni ghali.

Hilo limeniondolea wasiwasi niliokuwa nao kuhusu "kuchimba jina", neno nililokuwa nimeliweka akiba. Kuchimba kungefunga maana kwenye herufi za kuzama peke yake.

Nilipoaga aliniuliza swali moja. "Na huyo bwana, jina lake lilifutwa?"

Nikamwambia halikufutwa. Liko mlangoni mpaka leo.

17 Februari

Jibu langu kwa mwenzangu, nililolituma leo.

Kwanza, kitenzi kikipoteza pigo lake kama ilivyo kwa piga simu, tungetegemea kukiona kikizoea yambwa (vitu vinavyotendwa) za kila aina. Tupi- ya Karatepe ina yambwa moja, jina, na mahali pamoja, lango la mawe. Pili, kuna anta. Mtu anayeweka jina tu hahitaji kuliingiza. Tatu, na hili ndilo lililonishawishi zaidi, mharibifu anatangaza kazi mbili mfululizo: la Azatiwada litoke, langu liingie. Kitenzi cha kufuta kimebeba arha, "kutoka, kwenda mbali". Kitenzi cha kuandika kimebeba anta, "ndani". Moja linatolewa, jingine linaingizwa. Nikiweka "weka" hapo, mizani hiyo ya mwandishi wa Kiluwi inapotea, na ni yake, kwa maana Kifoinike hakina.

Nimekiri jambo moja: mfano mmoja wa sentensi hauwezi kuthibitisha kwamba pigo lilisikika masikioni mwa kila mtu aliyesema tupi-. Ndiyo maana fasili itabaki na mabano ya muktadha.

20 Februari

Siku ya fonti. Hieroglifu za Anatolia ziliingia kwenye Yunikodi, orodha ya herufi za kompyuta, mwaka 2015, ishara 583, na programu ninayopangia kurasa bado inatoa visanduku vitupu. Nimebadilisha fonti, mkono wa pi umetokea. Basi.

22 Februari

Mwenzangu amekubali, kwa sharti kwamba piga na gonga zitenganishwe kwa namba, ili mtu asije akadhani Trqqas anagonga wezi wa makaburi. Ana haki. Kitomeo kama kilivyoingia leo:

tupi- (hier. tu-pi-, kabari dūpi-, linganisha lugha ya Likia tubi-) kt. 1. piga, hasa kwa kuumiza au kuadhibu (kabari, Likia). 2. [pamoja na anta, yambwa ikiwa "jina"] gonga jina kwenye jiwe: amanza alamanza anta tupiwi, "jina langu nitaligonga humo" (Karatepe). Usichanganye na tuppi ya Kihiti, "bamba la udongo".

Siku 18 kwa kidahizo kilichopangiwa nusu siku. Nimerekebisha jedwali la vitenzi 29 vilivyobaki na kumwandikia mfadhili kwamba faharasa haitakuwa tayari Juni.

Kidahizo cha 32 ni kitenzi cha kufuta, kile chenye arha. Kifoinike kinatumia mzizi mmoja, mḥy, kwa mtu anayelifuta jina na kwa miungu inayomfuta yeye na ufalme wake. Nimeshaweka karatasi nyekundu kwenye kurasa zote mbili za picha, na kesho nitaanza na Kiluwi chake.